Mpira wa Hewa Upimwe kwa Mzamiaji, Usipimwe kwa Bei

Tangu Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilipoutangaza Uchumi wa Buluu kuwa dira ya maendeleo ya visiwa vyetu, na kuunda mwaka 2020 Wizara maalumu ya kuusimamia, yamesemwa mengi juu ya bandari, mwani, uvuvi wa bahari kuu na mahoteli. Semina zimefunguliwa na kufungwa, na mabango yamebandikwa hadi mashehiani. Lakini yupo mfanyakazi mmoja wa uchumi huo anayetajwa kwa nadra sana, labda kwa sababu kazi yake haionekani kwa aliyesimama pwani. Huyo ni kijana anayevaa mtungi wa hewa mgongoni na kushuka chini ya maji: huko Mnemba akiwaongoza wageni, huko Misali akihesabu samaki wa hifadhi, na pengine mbele ya kundi la watu wanaolia ufukweni, akitafuta maiti za waliozama.

Safu hii leo inakusudia kuzungumzia kifaa kimoja tu katika vifaa vya kijana huyo, nacho ni mpira wa hewa, na katika mpira huo tutazungumzia jambo moja tu, yaani urefu wake. Wapo watakaouliza kama mambo ya nchi yamekwisha hata gazeti lihangaike na urefu wa mpira. Tunawaomba wasome mpaka mwisho.

Kwa faida ya wasomaji ambao hawajapata kuzamia, ni vyema tueleze zana yenyewe. Mtungi hubeba hewa iliyoshindiliwa kwa kanieneo la baa 200 hivi, na hakuna mapafu ya mwanadamu yanayoweza kuipokea hewa ya namna hiyo moja kwa moja. Kwa hiyo juu ya mtungi hufungwa kichwa cha chuma ambacho huishusha hewa hiyo mpaka baa 8 hadi 10 zaidi ya kanieneo la maji yanayomzunguka mzamiaji. Kutoka kwenye kichwa hicho hutoka mipira minne. Wa kwanza huenda kwenye kinywa ambacho mzamiaji hukiuma kwa meno, nacho humpa hewa kwa kiasi cha pumzi yake. Wa pili huenda kwenye kinywa cha akiba, ambacho wageni hukiita pweza kwa sababu mipira ile minne huwakumbusha mikono ya mnyama huyo. Wa tatu hujaza hewa katika jaketi la kuelea. Wa nne huenda kwenye geji inayoonyesha hewa iliyobaki. Zana yote hiyo, kichwa pamoja na vinywa vyake, huitwa regulata.

Mambo hayakuwa hivi tangu mwanzo. Wafaransa wawili, Jacques-Yves Cousteau na Émile Gagnan, walipoitengeneza regulata yao mwaka 1943, mashine yote ilikaa nyuma ya shingo, na mipira miwili minene yenye mikunjo ilizunguka kichwa, mmoja wa kuleta hewa na mmoja wa kuiondoa. Mipira ile ilikuwa sehemu ya mashine yenyewe, na mzamiaji hakuwa na la kuchagua. Baadaye ulipokuja mtindo wa mpira mmoja mwembamba wenye kinywa mbele, ndipo urefu ulipokuwa ni hiari ya mvaaji. Hiari ikiachwa bila ya elimu, anayechagua huwa ni muuza duka.

Tuvitaje vipimo vyenyewe, na tuvitaje kwa lugha ya pwani. Mpira wa kinywa kikuu, kwa desturi ya viwanda, ni sentimita 70 hadi 75, yaani shubiri tatu na ushei. Mpira wa kinywa cha akiba ni sentimita 90 hadi 100, yaani dhiraa mbili na ushei. Wa geji hukaribia urefu huo, baina ya sentimita 80 na 90, ingawa wazamiaji wanaopenda kuibana geji karibu na nyonga huchukua wa sentimita 60. Wa jaketi hufuata umbo la jaketi. Kisha ipo mipira mirefu: ya mita moja na nusu, na ya futi 7, yaani mita 2 na sentimita 10, ambayo mzee wa jahazi angeihesabu kuwa ni pima moja na shubiri.

Hatukutumia dhiraa na pima kwa kupamba maneno. Dhiraa ni mkono wa mtu na pima ni mikono miwili iliyonyooshwa, na wazee waliokata nguo na kamba kwa vipimo hivyo walijua fika kwamba mkono wa Fulani si mkono wa Fulani. Kiwanda cha ng'ambo hakimjui mvaaji. Hutengeneza kwa mwili wa kati na kati wa nchi zake, kikafunga katika sanduku, na sanduku likafika Malindi bandarini. Atakayeivaa zana hiyo huenda akawa kijana wa Nungwi mwenye mabega kama mlango, au msichana wa Jambiani ambaye mpira uleule humtokeza pembeni kama mpini wa birika. Wote wawili wataambiwa kwamba huo ndio urefu wa kawaida.

Mpira mfupi una madhara yake. Mzamiaji akigeuza kichwa kumtazama mwenziwe, mpira humvuta kinywa. Taya huchoka, midomo huachia, na maji huingia. Baada ya siku kadhaa za kuzamia mara mbili kila siku, kama wafanyavyo vijana wetu katika msimu wa wageni, huanza maumivu ya taya ambayo wengi huyadhani ni ya jino. Mpira wenyewe nao huumia, kwa kuwa hukunjika kwa nguvu pale unapoingia katika chuma, na hapo ndipo hupasuka.

Mpira mrefu uliofungwa ovyo una madhara yake pia. Hutanda nje ya mwili ukafanya kitanzi, na kitanzi chini ya maji hutafuta kitu cha kukamata: jiwe, kamba ya nanga, wavu uliopotea. Katika mkondo wa nguvu hupepea na kumchosha mvaaji. Kinywa cha akiba kinachoning'inia hukokota juu ya matumbawe yaliyochukua miaka mingi kuota, kikayavunja, kisha kikajaa mchanga. Na siku kinapohitajiwa, ama hakitoi hewa sawasawa, ama hutoa mfululizo bila ya kukoma. Mwongoza wageni anayewahubiria watalii wasiguse matumbawe, huku mpira wake mwenyewe unayafagia nyuma yake, anafanya kazi mbili zinazopingana.

Lakini madhara hayo yote ni mepesi mbele ya lile moja ambalo ndilo sababu ya makala haya. Kinywa cha akiba hakikuwekwa kwa ajili ya mvaaji peke yake. Kimewekwa kwa ajili ya mwenziwe aliyeishiwa na hewa.

Jumuiya ya Divers Alert Network ya Marekani, ambayo hushughulikia usalama wa wazamiaji, imechunguza vifo 947 vya watu waliozamia kwa starehe baina ya mwaka 1992 na 2003. Katika vifo ambavyo chanzo chake kilijulikana, 41 kwa mia vilianza kwa mzamiaji kupungukiwa na hewa, 20 kwa mia vilianza kwa kunaswa na kitu, na 15 kwa mia kwa hitilafu ya zana. Ukitazama vizuri utaona kwamba mpira umo katika yote matatu: ndio unaopeleka hewa kwa aliyepungukiwa, ndio unaonasa, na ndio unaopasuka.

Sasa tufanye hesabu, kwa sababu hesabu haina upendeleo. Wazamiaji wawili wako mita 20 chini. Mmoja ameishiwa. Mwenziwe ana mtungi wa lita 12 uliobaki na baa 50, kwa hiyo ana lita 600 za hewa. Mtu aliyetulia hutumia lita 15 hadi 20 kwa dakika akiwa juu ya maji. Aliyeshikwa na hofu hufika lita 40 bila ya taabu. Watu wawili wenye hofu ni lita 80. Na kwa kuwa kila mita 10 za kina huongeza kanieneo sawa na lile la hewa yote iliyo juu ya bahari, basi kwa mita 20 kanieneo ni mara tatu, na lita 80 zinakuwa lita 240 kwa kila dakika.

Kupanda kwa mwendo wa salama wa mita 9 kwa dakika huchukua dakika mbili na robo hivi. Kadiri wanavyopanda kanieneo hupungua, kwa hiyo tukikadiria wastani wa mara mbili, safari yote itakula kama lita 355. Iwapo wataanza kupanda papo hapo, hewa inatosha na inabaki. Iwapo watapoteza dakika moja pale chini, wakivutana kwa mpira usiofika, lita 240 zimekwenda, zimebaki 360, na wanafika juu na lita tano mtungini, bila ya kusimama zile dakika tatu za tahadhari kwenye mita 5. Wakipoteza dakika moja na nusu, hawafiki.

Ni kwa nini basi mpira mfupi upoteze dakika nzima? Wazamiaji wawili wanaogawana hewa hutakiwa kutazamana na kushikana mikanda ya majaketi, mikono ikiwa imenyooka. Baina ya vifua vyao pana urefu wa mkono. Mpira unatoka nyuma ya mgongo wa mtoaji, unapita bega la kulia au chini ya kwapa, ndipo uende kwa mwenziwe, tena unapaswa kujipinda ili kinywa kimkabili. Mpira wa shubiri tatu hauwezi kazi hiyo isipokuwa wakumbatiane, na mtu mwenye hofu ukimkumbatia atakupanda kichwani. Mara nyingine kinywa humfikia kikiwa juu chini, na vinywa vingi vikigeuzwa hivyo huingiza maji pamoja na hewa. Aliyekuwa anakufa kwa kukosa hewa sasa anakohoa maji. Dakika imekwisha.

Kwa sababu hiyo mpira wa akiba usipungue mita moja kwa mwongoza wageni, na upite chini ya kwapa la kulia pale zana inaporuhusu, ili usitande nje. Uwe wa rangi ya njano, na kinywa chake kifungwe kwa kishikizo kinachoachia kwa kuvutwa, mahali baina ya kidevu na mbavu za chini, ambapo kila mtu atakiona. Zipo skuli za uzamiaji zinazofundisha hivyo na kusimamia. Zipo pia sehemu, ambazo hatuna haja ya kuzitaja, ambapo mwongoza wageni hupewa regulata iliyounganishwa kwa mabaki ya regulata tatu, na mpira mfupi ukafungwa kwenye kinywa cha akiba kwa sababu tu ndio uliokuwapo dukani siku ile. Mgeni huvalishwa zana nzuri kwa kuwa yeye amelipa. Lakini chini ya maji, mgeni anapoishiwa, hewa yake itatoka kwa mwongozaji aliyevalishwa mabaki.

Sasa tuje kwenye ile mipira mirefu ya futi 7, kwa sababu wapo vijana walioiona kwa wageni na kudhani kwamba kila mrefu ni bora. Mpira huo haukuzaliwa baharini. Ulizaliwa katika mapango yaliyojaa maji huko Florida, Marekani, ambako watu kama Sheck Exley, aliyeandika mwaka 1979 kitabu cha usalama wa kuzamia mapangoni, walikuwa wakitafuta dawa ya vifo vilivyokuwa vikiwaandama wenzao. Ndani ya pango watu wawili hawawezi kutoka wakiwa ubavu kwa ubavu. Njia ni nyembamba, sharti mmoja atangulie na mwengine afuate. Kwa hiyo mpira sharti utoke kwa wa nyuma, upite kichwa chake, umfikie wa mbele na kumwachia nafasi ya kupiga miguu. Hapo mita moja si kitu. Wakaufanya pima na shubiri, wakaupitisha chini ya kwapa, kifuani, nyuma ya shingo, mpaka kinywani.

Katika utaratibu huo mna hekima nyingine inayofaa kuangaliwa. Mpira mrefu ndio anaoutumia mtoaji mwenyewe, na akiombwa hewa hutoa kinywa kilicho mdomoni mwake, yeye akachukua cha akiba kinachoning'inia shingoni kwa ugwe, kwa mpira mfupi wa shubiri mbili na nusu. Walikwisha kuona kwamba mwenye kukosa hewa hatafuti kinywa cha njano. Hunyakua kile anachokiona kinafanya kazi. Ni bora kumpa kwa mpango kile ambacho angekunyang'anya kwa nguvu.

Je, sisi tunauhitaji? Kwa mwongoza wageni wa kwenye matumbawe ya mita 12, jibu letu ni hapana. Pima nzima ya mpira isiyokuwa na mafunzo ni kamba ya kujinyongea. Kwa wale wanaozamia kwenye kuta za Pemba, ambako mkondo huweza kuwabeba watu wawili kwa haraka na kuwazuia kutazamana, tungeshauri mpira wa mita moja na nusu, ili waweze kwenda sambamba huku wakipanda. Na kwa kikosi cha uokozi jibu ni ndiyo, tena bila ya kusita.

Tunasema hivyo kwa sababu visiwa hivi vimeonja. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander I ilizama katika mkondo wa Nungwi ikiwa njiani kwenda Pemba. Waliletwa wazamiaji kutoka Afrika Kusini, lakini kina na nguvu ya maji viliwashinda. Tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit ikapinduka karibu na Chumbe. Kabla ya hapo, ndugu zetu wa Kanda ya Ziwa walikwisha kupata msiba wa MV Bukoba, tarehe 21 Mei 1996, na humo pia ilibidi wazamiaji waingie katika meli iliyopinduka. Hatudai kwamba mpira wa urefu wowote ungeliwafikisha watu kwenye kina walicholala wahanga wa Spice Islander. Tunachodai ni kwamba chombo kilichopinduka, kikiwa kwenye kina kinachofikika, ndani yake ni sawa na pango: giza, milango myembamba, kamba na nguo zinazoelea, njia moja ya kutokea. Askari wa KMKM akiingizwa humo na mpira wa kitalii, akaishiwa hewa akiwa ukumbini, mwenziwe hana namna ya kumtoa mlangoni isipokuwa kwa muujiza. Mahali pa kufanyia mazoezi hatuna haja ya kupatafuta mbali, kwa kuwa mbele ya Mji wenyewe limelala gofu la Pegasus, manowari ya Waingereza iliyozamishwa na Königsberg ya Wajerumani tarehe 20 Septemba 1914, ingawa chuma chake kilichooza kinataka watu waliokwisha kufuzu.

Wazee husema mwanamaji wa Kwale kufa maji mazoea. Methali hiyo imetumika vibaya. Imefanywa kuwa ni ruhusa ya kuzama. Hata katika enzi za dhuluma za kuzamia lulu huko Ghuba, ambako baadhi ya waliozamishwa walikuwa watu waliochukuliwa utumwani kutoka pwani hii, mzamiaji alifungiwa kamba, na juu ya chombo alikuwapo saibu, kazi yake ni kuishika kamba hiyo na kumvuta akitikisa. Kama mtumwa alikuwa na kamba iliyomfika, sembuse raia wa nchi huru.

Maneno yafuatayo tunawaelekezea ndugu zetu maofisa wa manunuzi. Tuchukue mfano wa zabuni inayosema: regulata kamili, seti kumi. Neno kamili halina urefu. Mzabuni ataleta seti za bei ya chini zenye mipira ya urefu ule aliokuwa nao ghalani, na kamati ya mapokezi itahesabu kumi, itatia saini, na kwa mujibu wa karatasi hapana aliyekosea. Aliyepita chuoni anaikumbuka Sura inayowaonya wenye kupunja vipimo. Tulipoisoma utotoni tulidhani ni ya wauza mchele peke yao.

Zabuni iandikwe kwa ukamilifu: mpira wa kinywa kikuu sentimita kadhaa, wa akiba kadhaa, wa geji kadhaa, rangi, na mwaka wa kutengenezwa. Iandikwe pia aina ya nyuzi za kufungia, maana kwa kawaida tundu la kanieneo kubwa, linalokwenda kwenye geji, huwa la inchi 7/16, na yale ya kanieneo la chini ni ya inchi 3/8. Mpira wa akiba usiokaa kwenye kichwa ni sawa na kutonunua. Mipira ya ziada inunuliwe pamoja na seti, kwa kuwa bei ya mpira ni sehemu ndogo sana ya bei ya regulata, ilhali mpira ndio unaokufa kwanza. Na katika kamati ya kuandaa mahitaji akae mzamiaji mmoja anayezamia, si yule aliyewahi kuzamia kabla ya kupandishwa cheo.

Hapa tupinge uvumi mara mbili, kwa kifupi. Husemwa kwamba mpira mrefu huifanya pumzi kuwa nzito. Hewa iliyomo mpirani inasukumwa na baa 8 au zaidi, na tofauti ya dhiraa moja au mbili haisikiki. Husemwa pia kwamba mpira wa geji ndio wa hatari kwa kuwa unabeba kanieneo lote la mtungi. Kwa hakika tundu linaloupelekea hewa ni dogo kama la sindano, na ukipasuka hewa hutoka kwa kelele nyingi lakini polepole. Ukipasuka mpira wa kinywa ndipo mtungi humwagika mbiombio. Macho yote yaliyokuwa yakitazama geji yahamie kwenye mipira ile mitatu mingine.

Jua letu na chumvi yetu haviusamehe mpira. Watengenezaji wengi hushauri ubadilishwe baada ya miaka mitano hivi, hata kama kwa nje unapendeza, na kwa nchi za joto tusingeshangaa mtu akipunguza. Vile vifuniko vinavyovishwa pale mpira unapoingia katika chuma visogezwe kila mwezi na pale chini pakaguliwe, kwa sababu nyufa huanzia hapo na vifuniko huzificha. Mipira ile mepesi iliyosukwa kwa nyuzi, inayopendwa siku hizi kwa kuwa hujikunja kwa urahisi, isikaguliwe kwa nje tu. Imeonekana katika nchi za joto kwamba baadhi yake huoza ndani, ngozi yake ya ndani ikafanya chembe kama za chumvi ambazo huziba kinywa ghafla, huku nje mpira ukiwa mpya kabisa.

Kundi moja tumeliacha mwisho kwa makusudi, nalo ni vijana wanaozamia kwa mitungi kutafuta majongoo ya pwani. Hao aghalabu hawana kinywa cha akiba, wengine hawana hata geji, na hushuka mara nyingi kwa siku kwenye kina ambacho mwili hauwezi kukivumilia. Wapo waliopooza miguu, na wapo waliokwisha kuzikwa. Kuwaambia wanunue mpira wa mita moja ni kama kumwambia asiye na nyumba abadilishe kitasa. Suala lao ni la sheria za uvuvi, la bei ya jongoo na la wafanyabiashara wanaowapa mitungi kwa mkopo, na linastahili makala yake lenyewe. Lakini ofisa uvuvi atakayekutana nao ufukweni, kabla ya kuwanyang'anya mitungi, na aitazame vizuri zana hiyo na kuiandika katika taarifa yake: mipira mingapi, urefu gani, ya mwaka gani.

Kwa wale wanaozamia kihalali, hakuna haja ya kungojea waraka. Kipimo hufanyika nchi kavu, hata uwani. Mzamiaji avae zana zake zote, mtungi ukiwa mgongoni. Aume kinywa, ageuze kichwa kushoto mpaka kidevu kikabili bega, kisha atazame juu kama anayetafuta mwezi. Kinywa kikivutika, mpira ni mfupi kwake. Asimame sawa, na mwenziwe atie mkono wazi baina ya mpira na mwili wake. Mkono ukipita pamoja na kiwiko, mpira ni mrefu au umepitishwa vibaya. Kisha washikane mikanda mikono ikiwa imenyooka, na mmoja atoe kinywa cha akiba, mwengine akiume na kugeuza kichwa pande zote mbili. Wafanye hivyo macho yakiwa yamefumbwa, mara tatu, wakihesabu kwa sauti. Namba ya mpira, urefu wake na jina la aliyepimiwa viandikwe katika daftari la ghala, ili siku mvaaji atakapobadilika, mtunza ghala ajue kwamba na mpira nao unapimwa upya.